Ukanda

Kwenye mkoba wangu mna ufunguo, simu,
panadoli mbili, chenji ya mashua,
na kitu ambacho Kiswahili changu hakijakipa jina:
ukanda mweusi wenye kijiti cha plastiki ngumu.
Unafunga, unazungusha kijiti, unakibana kisirudi.
Damu inasimama.
Ndiyo kazi yake yote.

Mama mkwe aliuona siku natafuta ufunguo mlangoni.
Bi Barke hakuuliza ni nini. Aliuliza ni wa nani.
Nilipomweleza akarudi hatua moja:
"Wachuria watu, Somoe.
Anayetembea na sanda hakosi wa kumvika."
Nikamwambia, mbona mwavuli hauiti mvua?
Akasema mvua haina masikio.

Mimi huuza chai Maweni, upande wa Manda,
kunakokatwa mawe ya nyumba zenu.
Ninyi mnaiona nyumba imekwisha, na chokaa, na mlango wa nakshi.
Mimi naliona jiwe msumeno ungali ndani.

Thoya nilikuwa namdai vikombe vinne.
Saa nne kasorobo msumeno uliteleza
ukamshukia pajani, juu kidogo ya goti,
na damu haikutiririka, iliruka.
Vumbi la matumbawe ni jeupe.
Msinitake niendelee hapo.

Nilivua leso, nikafunga kwa mikono
iliyobeba madumu ya maji tangu utotoni.
Leso ikanywa. Ikanywa tena
hata maandishi yake yakapotea, na leo siyakumbuki.
Wawili walishika mguu. Mmoja alikimbilia mashua.
Mmoja alipiga picha.
Kutoka Maweni hadi gati ya Amu, wageni husema, ni karibu.
Nilihesabu dakika ishirini na saba.
Kwenye ya kumi na tisa
Thoya aliacha kuniuliza kama deni nimeliandika.

Baadaye nikaenda kwenye mafunzo, siku moja, ukumbi wa shule.
Muuguzi Nargis hakunibembeleza.
Leso pekee, alisema, hulia na wewe tu.
Vidole vinne juu ya jeraha, kamwe si juu ya goti.
Kaza hadi akutukane.
Andika saa.
Na usilegeze kwa huruma.

Nayaandika haya kwa sababu nabishana, na si na Bi Barke peke yake.
Msimamizi wa machimbo anaupenda sana ukanda wangu.
Tangu aujue, hasemi tena habari ya sanduku la dawa.
Basi mwuza chai ndiye hospitali?
Na ule wa bei nafuu, tulioagiza wanawake sita kwa mchango,
kijiti kilivunjika darasani, juu ya mguu mzima, wa mtu anayecheka.
Na mwezi jana mtoto wa jirani alijikata na kopo,
mkono wangu ukaingia mkobani wenyewe, mbio,
kumbe jeraha lilitaka kitambaa safi na kidole cha kulikandamiza.
Mwenye ukanda huona kila tone ni mto.
Hilo nalikubali.

Lakini siutoi mkobani.
Nikiuacha nyumbani, bega huhisi wepesi
nisioupenda.

Juzi usiku Bi Barke alikuja jikoni, akakaa,
akachambua mchele kimya, punje kwa punje.
Kisha, bila kuniangalia:
"Ukinifunga mimi, hiyo saa utaiandika vipi?
Ya kwetu au ya saa za hospitali?
Maana saa nne yetu, daktari wa bara ataisoma nne yake,
na mguu wangu utakuwa umefungwa
saa sita kabla sijajikata."

Nikabaki na mwiko hewani.
Darasani hakuna aliyeliuliza hilo.